Dozi ya Jumatatu

3 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Mimi mzima, kuku wazima, na paa la nyumba nalo zima isipokuwa upande wa jikoni, ambako mvua ikinyesha napika nikiwa na mwavuli. Jirani yetu fundi cherehani anakusalimu sana. Ameanza kushona gauni lako kwa kukisia, akitumia vipimo vya binti yake, na mimi nimemwambia umenenepa tangu uanze kazi ya hospitali, kwa hiyo ameongeza kitambaa. Najua ungependa tuongee kwa simu. Simu siitaki, umeshanizoea; mtu akikosea kwenye simu huwezi kumpigia mstari mwekundu.

Sasa habari yenyewe. Kuku wa harusi yako wamefika. Nimewajengea banda pale palipokuwa na bustani ya marehemu mama yako, nimetandaza maranda, nimepanga vyombo vya maji, na juu ya mlango nimetundika kengele ya shule. Ndiyo, ile ile. Mkuu mpya ameweka ya umeme, ile yangu akaitupa stoo, nikaenda kuichukua kama mzazi anayekwenda kumtoa mtoto wake polisi. Asubuhi naipiga, kuku wanatoka, wanapanga mstari. Sisemi ni mstari ulionyooka, ila nimewahi kuwa na darasa la saba lililopinda kuliko hao.

Jumatatu iliyopita, tukiwa mstarini, mmoja akakohoa. Nikauliza nani amekohoa. Kimya. Msimamo wangu unaujua: mkosaji asipojitaja, wote wanawajibika. Nikaenda duka la dawa za mifugo, muuzaji akanipa unga wa njano, akasema ni antibayotiki, changanya kwenye maji. Nikawanywesha wote, mgonjwa na mzima, bila upendeleo. Na kabla hawajanywa, naonja mimi kwanza. Miaka yote ya ukuu wangu uji haukufika kwa mwanafunzi kabla haujapita kwangu, na sitaanza uzembe uzeeni.

Siku ya pili kikohozi kikakoma. Nami nikakomesha dawa hapo hapo, maana mtoto akishanyooka humwongezi. Lakini sasa kila Jumatatu wanapata dozi ya tahadhari, hadi siku ya harusi. Nilimwahidi mama yako, akiwa kitandani, kwamba siku yako hakuna mgeni atakayenyanyuka na njaa, na Juni si mbali.

Msalimie bwana harusi, mkwe wangu Dereva. Yale maneno aliyoandika chini ya barua yako ya mwisho, "heshima zako mjomba", yalinifurahisha sana.

Jogoo amenidonoa kidole cha shahada, mkono wa kulia. Nimemwita Mkaguzi, kwa sababu anazunguka banda zima akitafuta makosa na hafanyi kazi yoyote. Ni mchubuko tu, hata sijui kwa nini nimeutaja.

Mjomba wako,
Mwalimu Mkuu (mstaafu)


17 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Huku sijambo. Chumba changu kimepata dirisha, yaani mwenye nyumba ameliondoa kabati lililokuwa limeliziba. Maabara kazi ni ile ile: nachukua usaha na makohozi ya watu, naotesha vijidudu vyao kwenye visahani, kisha naviwekea dawa mbalimbali nione ipi inaviua. Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nawaambia na mimi ni mfugaji kama mjomba.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Mjomba, antibayotiki si chumvi. Haipewi mzima. Ikitolewa, mtaalamu wa mifugo ndiye anayesema ipi, kiasi gani na siku ngapi, na ukianza unamaliza, hukatishi kwa sababu kikohozi kimenyamaza. Na kuku aliyepewa dawa haliwi mpaka dawa imtoke mwilini. Na wewe, tafadhali, acha kuonja.

Unakumbuka viboko vya Jumatatu? Mimi nilikuwa darasa la tano, na ujomba wako haukunipunguzia hata kimoja. Kila Jumatatu ulituchapa wote, kimoja kimoja, kwa makosa ambayo tungekuja kuyafanya ndani ya wiki. Mwanzoni tulilia. Muhula wa pili ulipofika tulipanga foleni huku tunasimuliana mpira, mtu ananyoosha mkono, anapokea chake, anaendelea na habari pale alipoishia. Watundu ndio waliozoea kwanza, na ndio waliotufundisha wengine jinsi ya kukunja kiganja. Basi vijidudu navyo viko hivyo hivyo. Ukivichapa kidogo kidogo, vile dhaifu vinakufa, vile vitundu vinabaki, vinazaana na kufundishana. Siku ukipata ugonjwa wa kweli utaleta dawa, na vitaitazama tu.

Kidole kioshe kwa sabuni na maji mengi, kisha nenda zahanati.

Harusi imesogea hadi Agosti. Ni mambo ya ukumbi.

Mpwa wako


12 Machi

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisahihisha. Mwandiko mzuri, hoja zimepangika, adabu imepungua kidogo kuelekea mwisho. Viboko vya Jumatatu havikuwa adhabu, vilikuwa akiba. Na hao waliokuwa wakisimuliana mpira ungenitajia majina yao wakati ule, sasa wamekuwa watu wazima na mmoja wao ni mchungaji.

Fundi anakusalimu. Gauni limepata mkono mmoja. Kwenye nyumba hii ya mtu mmoja hakuna jipya, ila kuku mmoja, Kiranja, mtetea mweusi mwenye kishungi, amejipa ruhusa ya kuingia jikoni. Mvua ikinyesha tunasimama wote wawili chini ya mwavuli tukitazama sufuria.

Kwamba harusi imesogea, si neno. Ukumbi mzuri husubiriwa. Lakini kuku wanatakiwa waishi mpaka hiyo Agosti, kwa hiyo dozi ya Jumatatu nimeiongezea na ya Alhamisi. Unga wa njano, nisikufiche, hawauogopi tena. Kikohozi kimerudi, kimekuja na kuharisha. Muuzaji akanipa wa buluu. Wa buluu uliwatuliza siku chache, kisha wakauzoea. Fundi naye alikuwa na vidonge vya rangi mbili vilivyobaki alipong'olewa jino, akavitoa kwa moyo mmoja, tukavitwanga, tukachanganya vyote pamoja. Mimi nikaonja. Ni vichungu, lakini vina utaratibu.

Afisa mifugo alipita na pikipiki yake. Akasema kwanza nitoe maranda yaliyolowa, nisafishe vyombo, niwachanje, na wagonjwa niwatenge na wazima. Nikamwambia katika shule yangu hatutengi mtu. Akaniuliza shule ipi. Nikamwonyesha kengele. Akaondoka bila kunywa chai.

Kidole kinaendelea vizuri sana. Kimenenepa. Nakipaka unga wa njano, juu yake wa buluu, sasa kinapendeza kama bendera. Ukiona herufi zimekuwa kubwa, ni kalamu mpya.

Mkwe wangu hakuongeza salamu chini ya barua yako. Labda wino ulimwishia.

Mjomba wako,
Mwalimu Mkuu (mstaafu)


20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sijambo, dirisha halijambo. Naandika haraka, kondakta wa basi ananisubiri na injini inaunguruma.

Kifurushi hiki ni dawa ya kidole chako. Daktari wa hapa hakupenda kutoa dawa kwa mtu asiyemwona, nimemsihi mpaka nikaona aibu, na amekubali kwa sharti kwamba wiki hii hii uende zahanati wakakitazame. Meza asubuhi na jioni mpaka ziishe, hata ukiona kimepona katikati ya safari. Ni zako peke yako. Usiwape kuku. Usimpe fundi. Usimpe Mkaguzi. Na maji yao usiyaonje, nakuomba kwa roho ya mama.

Kidole hakinenepi, mjomba. Kidole kinavimba.

Dereva nadhani hajambo. Ukumbi bado unasumbua, huenda ikawa Oktoba.

Mpwa wako


25 Aprili

Mpwa wangu mpendwa,

Usishangae kuchelewa. Mimi mzima kabisa. Herufi zimelala kwa sababu naandikia kitandani, na niko kitandani kwa sababu ya baridi, na baridi ni kwa sababu ya hali ya hewa. Fundi anasema huko nje ni joto, lakini fundi ni mtu wa kubisha.

Kifurushi kimefika salama, Mungu akubariki. Dawa ni nzuri, vidonge vinang'aa, vina heshima. Nilizipanga mezani, nikajaza glasi maji. Kisha nikatazama dirishani, shule nzima inakohoa. Sasa niambie wewe uliyesoma, mkuu anamezaje dawa nzuri namna ile peke yake, mbele ya wanafunzi wake? Nilijaribu kuwapa mgongo. Kiranja akaja akazunguka mbele yangu. Basi nikazifungua zote, nikazimimina kwenye maji yao, kila mmoja akapata haki yake, na mimi nikaonja kwa kijiko kikubwa kuliko siku zote, kwa kuwa ulisema ni zangu.

Wiki hiyo banda lilikuwa kama siku ya wazazi. Kifua safi, vinyesi safi, Mkaguzi anawika mpaka majirani wanalalamika. Wiki iliyofuata wakarudi walikokuwa, na wengine wamekwenda mbali zaidi.

Kuna jambo moja geni. Hawanywi tena maji matupu. Jumanne niliwawekea maji safi ya bombani, wakasogea, wakachungulia, kisha wakageuka wote kunitazama. Kiranja akakipindua chombo kwa mguu. Nilisimama pale nikiwa nimelowa viatu, nikajiona kama mpishi wa shule siku ya maharage yenye mawe.

Agosti, sasa Oktoba. Sisemi kitu. Lakini juzi gari la hospitali yenu lilipita hapa kupeleka dawa zahanati. Nilitoka mpaka barabarani kumpungia mkwe wangu, nikapunga kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa na shughuli. Aliniona. Akapandisha kioo. Nimesema labda ni vumbi.

Mjomba wako,
Mwalimu Mkuu (mstaafu)


14 Mei

Kwa mpwa wa Mwalimu. Anayeandika ni mimi fundi cherehani. Mwalimu anatamka na mimi naandika. Ameniagiza niandike kila neno kama linavyotoka, nisipunguze wala nisiongeze, kwa hiyo ndivyo nitakavyofanya.

Mpwa wangu mpendwa, mimi mzima. Fundi, mbona umesita, andika mzima. Kuku nao wazima, isipokuwa waliokufa. Hilo usiandike. Andika kwamba wamepungua kwa uhamisho. Mbona unaandika kirefu hivyo? Haya. Mkono wangu hauna tatizo lolote, nimeona tu nimpe fundi nafasi ya kufanya mazoezi ya mwandiko, maana mwandiko wake ni wa kushona. Asijue kwamba uvimbe umepita kifundo cha mkono. Wala kwamba natetemeka. Kwanza sitetemeki, ni kiti kibovu. Mwambie gwaride linaendelea, nalisimamia nikiwa nimekaa, kengele anapiga fundi, na anaipiga kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Ndiyo, hilo liandike, wewe unaipiga vibaya.

Zahanati wamenitazama. Wamesema niende hospitali kubwa, ya huko kwake, leo kabla ya kesho. Hapo paruke. Andika kwamba zahanati wanamsalimu. Mwambie mimi siwezi kutoka hapa mpaka harusi ipite. Nikiondoka nani atawapa dozi? Watakufa wote, na wageni watakuja wakute kengele na maranda. Mama yake nitamwambia nini tukionana? Na kama tutaonana karibuni, je? Futa hilo, fundi. Nimesema futa. Maliza: mjomba wako, Mwalimu Mkuu, mstaafu kwenye mabano. Soma nisikie.

Dada, hapa ni mimi fundi mwenyewe. Nimemsomea. Ameuliza kwa nini nimeandika yote, nikamwambia si ndivyo alivyoagiza. Amekasirika, lakini hana nguvu ya kuichana. Mkono unatoa harufu. Jana alikuwa anaita majina ya wanafunzi wa zamani, akifika lako anasubiri uitikie. Sisi huku tumeshindwa kumpandisha basi, anashika nguzo ya banda.

Gauni limefika kiunoni. Nitumie vipimo vya kweli.


18 Mei

Fundi, tafadhali msomee mjomba barua hii kwa sauti, yote, kama ulivyoiandika ile.

Mjomba, shikamoo.

Harusi haipo. Haipo tangu kabla sijakuandikia ile barua ya ukumbi. Ukumbi haukuwahi kuwa na tatizo. Dereva alikuwa na mtu mwingine, au tuseme yule mwingine ndiye aliyekuwepo na mimi ndiye niliyeongezwa, mpaka leo sijaelewa vizuri. Anapita koridoni kwetu kila siku akibeba masanduku ya dawa, anasema habari za asubuhi, mimi naitikia nzuri.

Nilishindwa kukuambia kwa sababu ulikuwa umeshajenga banda kwenye bustani ya mama. Kila nikishika kalamu nawaona kuku wamepanga mstari wananisubiri. Basi nikawa nasogeza tarehe. Kila nikisogeza tarehe, wewe ukawa unaongeza dozi.

Sasa hakuna tarehe, mjomba. Hakuna wageni, hakuna wa kulishwa, hakuna dozi ya kutoa. Mama hana cha kukudai. Huna zamu hapo. Achia nguzo. Fundi, basi la asubuhi, usimwache hata kidogo, na kuku waachie afisa mifugo awatazame. Mimi nitasimama stendi tangu alfajiri.

Nimeona mikono iliyoanza hivyo. Naogopa sana. Baada ya mama nilibaki na wewe tu, na sitaki kubaki na kengele.

Mpwa wako


30 Julai

Mpwa wangu mpendwa,

Huu ni mwandiko wa mkono wa kushoto. Najua unafanana na wa mtoto wa darasa la kwanza aliyekaliwa na mwenzake, na nakuomba usiusahihishe. Mimi mzima. Safari hii ni kweli, fundi yupo hapa anatikisa kichwa kukubali. Paa la jikoni limezibwa, alilipanda yeye wakati nikiwa wodini. Mwavuli sasa hauna kazi.

Kile kisahani ulichonionyesha maabara bado nakiona. Ulisema hivi ndivyo vijidudu vilivyotoka kidoleni kwangu, na haya makaratasi ya mviringo ni dawa. Nikaona ya njano, na ya buluu, na ile ya jino la fundi, hata zile ulizonitumia kwa basi. Kwenye kila moja wamejaa mpaka ukingoni, wameegemea dawa kama watundu walivyokuwa wakiegemea ukuta wa ofisi yangu. Dawa moja tu ilikuwa na nafasi tupu kuizunguka, duara dogo, nao wamesimama nje hawathubutu kuingia. Ulinionyesha kwa kidole. Miezi yote ile nilikuwa nikiwafundisha, asubuhi kwa asubuhi, kwa kijiko changu mwenyewe, na wao ndio wanafunzi pekee waliowahi kufaulu wote.

Daktari alisema kidole tulichelewa, mkono tuliuwahi. Namshukuru. Lakini sitajifanya sikukipenda. Ndicho kilichoshika chaki, ndicho kilichowaonyesha watu makosa yao. Usiku wa kwanza nilikilaumu kwa kutokuwepo.

Wodini hatukuzungumza habari za Dereva. Ulikuwa ukija unanimenyea chungwa, na mimi nalisifia chungwa. Siku moja alipita mlangoni na masanduku yake, ukaacha kumenya mpaka alipopotea koridoni. Nilitaka kusema neno, nikasema chungwa hili lina mbegu nyingi. Nisamehe, hayo ndiyo yaliyokuja.

Huku tumetoa maranda yote mimi na fundi. Tumemwaga chokaa, vyombo tunavisugua kila siku, afisa mifugo amechanja waliobaki, na siku hiyo alikunywa chai. Unga wa njano na wa buluu tumemkabidhi yeye. Maji matupu waliyakataa mwanzoni. Nilichuchumaa mbele yao nikawaambia na mimi nimeachishwa. Jua lilipopanda wakanywa.

Sasa nikueleze la Jumatatu. Nilipiga kengele, wakatoka, wakapanga mstari, mmoja akakohoa. Mpwa wangu, nikainua mkono kuuliza nani amekohoa, nikakuta sina cha kumnyooshea mtu. Ikabidi nisubiri. Akakohoa tena, na alikuwa Kiranja.

Nilimbeba peke yake nikampeleka jikoni, nikamtandikia sanduku pale tulipokuwa tukisimama na mwavuli. Afisa mifugo alikuja akamtazama, akasema huu si ugonjwa wa antibayotiki, hata ukimpa gunia zima halitamsaidia, mpe joto na maji, na wengine usiwaguse. Nilikaa naye. Mkono uliingia mfukoni kutafuta pakiti, ukakuta mfuko mtupu, ukarudi, ukaingia tena. Nilifikiri nikiamka nitakuta banda zima limelala miguu juu. Sijawahi kuogopa namna hiyo, hata mbele ya wakaguzi wenyewe.

Jumatano amekufa. Nimemzika kwenye kipande cha bustani ya mama yako kilichobaki, na nimelia, sioni haya kukuambia. Nilipokwenda kufungua banda, wote wazima, wananitazama wakisubiri kengele. Sikuwapa kitu. Ni mara ya kwanza maishani mwangu jambo la mmoja limeishia kwa huyo mmoja.

Hao waliobaki wamemaliza siku zote za bila dawa alizosema afisa mifugo, na sasa wanalika. Nilimwahidi mama yako kwamba mgeni hatanyanyuka na njaa. Nimejaribu kukumbuka vizuri, sikumwahidi kwamba lazima awepo bwana harusi. Tutaanza na Mkaguzi, nina kesi naye. Njoo mwenyewe, usijipambe, usibebe maelezo. Hakuna atakayekuuliza kitu. Nimewakataza wote, na fundi nimemkataza mara mbili. Gauni amelifumua, anakushonea nguo ya kawaida ya kukalia jikoni.

Maji ya leo nimeyaonja. Yana ladha ya maji. Afisa mifugo anasema hata hayo niache, hilo bado tunalijadili.

Mjomba wako


Dada, mimi fundi ndiye ninayempelekea kondakta barua hii. Mwalimu amenikataza kuongeza neno, kwa hiyo siongezi. Ila tangu aanze kuiandika, kila basi likisimama hapo barabarani anatoka na kengele mkononi. Nimemwambia Mwalimu, barua yenyewe bado ninayo mimi mfukoni. Amesema anajua.